Bibi Yangu wa Muheza

Jumanne moja ya mwaka 2024 niliingia kazini River Road macho yamenivimba. Shangazi alikuwa amenipigia simu kabla ya adhana ya alfajiri. Nilimfuata msimamizi wetu kwenye mashine ya kukatia karatasi, nikasimama pembeni mpaka aliponiona, nikasema kama nilivyofundishwa kusema mbele ya mkubwa: "Samahani mzee, naomba ruhusa. Bibi yangu amefariki usiku."

Mzee alizima mashine. Duka letu ni la uchapaji, na mashine ile huwa haizimwi mchana hata aje nani. Alinishika bega, akanikalisha juu ya marobota ya karatasi. Fundi akaja. Binti wa kaunta akaja. Yule mama anayetuletea chai, ambaye ghorofa zote nne za jengo zinamwita Mathe, aliweka chupa chini akajishika kichwa. "Woiye," akasema, "na bado ni kijana hivi." Nilidhani ananionea huruma kwa kufiwa na mlezi. Sikuwa na la kujibu, nikainamisha uso.

Saa sita walinizunguka tena. Walikuwa wamechangishana shilingi 4,350, noti za hamsini hamsini na sarafu, ndani ya bahasha niliyoikunja kwa mikono yangu wiki iliyotangulia. Fundi, Mkamba asiye na maneno mengi, alinisogezea bahasha akauliza kwa sauti ya chini: "Mmekaa na yeye miaka ngapi?" Nikamwambia alinichukua nikiwa na miaka minne. Wakatazamana. Nami nikaelewa.

Kenya bibi ni mke. Mzaa baba na mzaa mama ni nyanya, na kwa watoto wa Nairobi ni shosho. Kwetu Muheza nyanya ni ile ya mchuzi. Haya nilikuwa nayajua tangu mwezi wangu wa kwanza. Nilikwisha kupanga herufi za kadi za harusi zilizomtaja bibi wa bwana harusi bila kutetereka. Lakini uchungu ulipokuja ulinikuta katika lugha ya nyumbani, na ulimi haukuniuliza niko mji gani.

Nilifafanua, nikairudisha bahasha. Fundi hakuipokea. "Shosho pia ni mtu," akasema. "Shika." Kisha akauliza mazishi ni lini, na kama tuunde kamati. Nikamwambia amezikwa saa nne asubuhi ile ile. Hapo palikuwa na kimya. Kwa watu wengi wa duka lile msiba una vikao vya jioni, bajeti ya gari na jeneza, na tangazo lenye picha ambalo aghalabu sisi ndio tunalichapa. Sisi Waislamu wa Tanga maiti haingoji. Mathe alivuta stuli akaketi karibu yangu, tukakaa hivyo bila kusema, mpaka chai ikapoa.

Bahasha ile ndiyo iliyonifanya niandike. Kabla yake nilikuwa nimeishi Nairobi zaidi ya miaka miwili nikiamini, na kuwaambia ndugu zangu kwa simu, kwamba watu wa mji huu hawana adabu ya lugha.

Mtanzania anayevuka Namanga au Horohoro hubeba imani hiyo pamoja na begi lake. Tumelelewa tukijua Kiswahili ni chetu. Tulikifanya lugha ya taifa, tukakiundia baraza lake, BAKITA, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere akakitumia kutufanya tuitane ndugu. Wakenya wenyewe hutukoleza: ukifungua kinywa dukani, mtu atakwambia unaongea kama msoma habari wa redio. Na kuna ule msemo unaozunguka kote Afrika Mashariki, kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanganyika, kikaugua Kenya, kikafia Uganda, kikazikwa Kongo. Nilikuwa nikiusema kwa fahari. Siusemi tena.

Nilianza kazi River Road mwanzoni mwa 2022. Ukitoka Kenyatta Avenue, ukavuka Moi Avenue kisha Tom Mboya, unashuka kuelekea Mto Nairobi, na njiani lugha inabadilika. Kule juu bawabu wa benki hukusalimu kwa Kiingereza. Huku chini, kuanzia Latema na Accra Road hadi Nyamakima, ni Kiswahili, Kikuyu na Kikamba juu ya mlio wa honi, na mwenye mkokoteni anakupigia mluzi kwa nyuma ujue miguu yako ina sekunde mbili. Hapa ndipo mabasi ya Mombasa, Kampala, Arusha na Dar es Salaam hushushia watu. Hapa ndipo huuzwa filamu za bei nafuu za lugha za mama zilizozaa jina Riverwood. Ni barabara ya watu wa kazi tangu zamani. Meja Mwangi alipoipa riwaya yake jina la barabara hii mwaka 1976, aliwaweka humo vibarua wa ujenzi.

Siku ya kwanza mteja, mama wa makamo, aliegemea kaunta akasema: "Nisaidie na kalamu." Nilisimama nikingoja aniambie msaada wenyewe ni upi. Alinitazama, nami nikamtazama. Binti wa kaunta akanyoosha mkono akampa kalamu. Kumbe maneno hayo ndiyo "naomba kalamu" ya Nairobi. Mimi nilikuwa nasubiri "naomba" ije kama ninavyoijua, na kwa kuwa haikuja nikahesabu kwamba haipo.

Hesabu hiyo niliirudia kila mahali. Mtu akiingia kibandani husema "nipee chai", na sikio langu la Tanga lilikuwa likishtuka kana kwamba mama wa watu ametukanwa. Ilinichukua muda mrefu kusikia zile irabu mbili mwishoni. "Nipe" kavu ni amri hata Nairobi. "Nipee", ikivutwa kidogo na sauti ikishushwa, ni kitu kingine. Ukitanguliza "si", kama "si unipee chai", umelegeza zaidi, umemwachia mwenzako nafasi ya kukataa. Ukiongeza "mathe" au "siste" au "boss", umekwisha kuomba kwa heshima zote, na umetumia pumzi moja, kwa sababu nyuma yako wapo watu sita na mwenye kibanda ana mikono miwili tu. Adabu ya River Road inaanzia kwenye kutomcheleweshea mtu riziki yake. Nilikuwa nikimsimamisha Mathe kwa salamu nne, habari ya asubuhi, ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, wakati chupa ya kilo kadhaa inamning'inia mkononi na ana ghorofa tatu za kupanda. Alinijibu zote. Leo naona aibu kwa uvumilivu ule.

Shikamoo nayo ina habari yake. Wiki ya kwanza nilimwamkia mzee mmoja mlinzi wa jengo, "Shikamoo mzee." Alisimama wima akasema "Marahaba" kwa sauti ya darasani, akatabasamu siku nzima. Baadaye aliniambia hajaamkiwa hivyo mjini tangu miaka ya shule ya wanawe. Sikuiacha kwake. Kwa vijana wenzangu nilijifunza "niaje" na "sasa", na jibu ni "poa", haliongezwi kitu.

Kazi yenyewe ilinifunza mengi, kwani mchapaji hupewa maneno ya watu yakiwa mabichi. Mteja mmoja aliagiza bango la hoteli yake ndogo kule Kirinyaga Road. Aliandika kwenye karatasi: chai moto iko, chapo madondo iko, mayai boilo iko. Nikayanyoosha kwa moyo safi: chai ya moto ipo, chapati na maharage vipo, mayai ya kuchemsha yapo. Alilisoma bango mara mbili. "Hii ni nzuri," akasema kwa upole, "lakini si ya kwangu. Hapa watafikiri ni serikali inauza." Nikarudisha maneno yake. Kila nikipita pale naliona limening'inia mlangoni, na watu wameinamia sahani.

Wapo watakaosema nimeuza lugha kwa sahani ya madondo. Nimejiuliza swali hilo kwa dhati, maana upatanisho wa ngeli si pambo. Ni mifupa ya lugha hii, na ninapoona "kiti hii" imeandikwa kwenye kitabu cha mtoto moyo unaniuma mpaka leo. Shule ni shule. Lakini bango la kibanda ni mdomo wa mwenye kibanda, na mimi sikuwa na haki ya kumng'oa meno nimpandikize ya kwangu.

Na ukiangalia mji ulivyokuwa, utaona kwa nini wanasema wanavyosema. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Watu walioletwa au waliofuata kazi walitoka kila upande, Wahindi, Wanubi, Wakamba, Wakikuyu, Waluo, Waluhya, na walichoshirikiana ni Kiswahili cha kazi. Walowezi nao walikuwa na chao, Kisetla, lugha ya jikoni na shambani ambayo karibu kila kitenzi ndani yake ni agizo. Mimi nahisi zile "leta" na "nipe" zimebeba vumbi la enzi hizo, ingawa waliozirithi wamezipa joto lao wenyewe. Kwetu Kiswahili kilipata mikutano ya hadhara, elimu ya watu wazima, darasa zima la msingi. Kenya kilikuwa lugha ya taifa kwa jina miaka mingi kabla ya kuwa somo la lazima la mtihani, ambalo lilikuja na mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, na hadhi ya lugha rasmi ya jamhuri ikaingia katika Katiba ya 2010. Watu wa Nairobi walikijenga chao kwa vifaa walivyovikuta.

Katika ujenzi huo ikatoka Sheng, kwenye mitaa ya mashariki ya jiji, Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati. Nilishangaa kujua kwamba mojawapo ya kamusi zake, ile ya Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga, ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 2003 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Sisi tunaoicheka ndio tulioipigia chapa. Na Profesa Chege Githiora, katika kitabu chake cha 2018, anaiweka Sheng ndani ya ukoo wa Kiswahili cha Kenya, si nje ya ua.

Mimi naishi upande wa magharibi, Kawangware, ninakokwenda jioni kwa matatu ya namba 46. Ndiko nilikopata walimu wangu halisi, watoto wa plotini. Usiku wangu wa kwanza giza liliingia ghafla na sauti zikapaa kila mlango: "Stima zimepotea!" Nikatoka na tochi ya simu kusaidia kutafuta. Mtoto wa miaka saba akanieleza, taratibu, kwamba hakuna kilichoanguka, ni umeme umekatika. Stima, neno la meli za moshi za babu zetu wa pwani, huku limekuwa waya na balbu. Mtungi wao ni dumu letu la lita 20. Choroko zetu ni ndengu zao. Kande ni githeri, bajaji ni tuktuk, vocha ni kredo, na nyumba, ukiwa na umri wa chini ya miaka 30, ni keja. Watoto hawa huchanganya Kiluhya cha mama na Kikuyu cha jirani, na neno walilonifundisha Januari walinicheka nalo Juni, limekwisha kuzeeka.

Fedha ilinisumbua kuliko yote, kwa kuwa kosa lake hulipwa papo hapo. Muuza njugu aliniambia "za mbao", nikafikiri anazungumzia kisanduku. Mbao ni shilingi 20. Wazee wa mtaani husema inatoka kwenye pauni, enzi pauni moja ilipokuwa shilingi 20. Finje ni 50, soo ni 100, rwabe 200, thao au ngiri ni 1,000. Nilitaka kulalamika kwamba hizi ni lugha za kuficha, mpaka nilipokumbuka Dar tunavyosema jero kwa 500 na buku kwa 1,000, tena mbele ya mgeni, bila kumfasiria.

Muuza njugu huyo ni kijana wa Burundi. Wapo wengi Nairobi wanaopita na ndoo ya njugu moto na vikaratasi vilivyosokotwa. Aliniambia alikuja na Kirundi, Kifaransa cha shule na Kiswahili kidogo cha soko la Bujumbura. Alianza na namba: mbao, finje, soo. Wiki ya pili akajua "boss". Mwezi wa tatu alikuwa anatania na makanga wa matatu, na polisi wakipita hanyamazi tena, kwa sababu anayenyamaza ndiye anayeulizwa kitambulisho. Hakuwa na Kiswahili safi cha kukilinda, ndiyo maana alinitangulia. Mimi nilikaa miezi nikilinda.

Lafudhi yangu nayo ilikuwa na uzito ambao sikuuchagua. Nguzo nyingi za umeme Nairobi zimebandikwa karatasi: mganga kutoka Tanga, mganga kutoka Pemba, mapenzi, kesi, mali iliyopotea, na namba ya simu. Huchapwa mtaani kwetu, na siku moja nilikabidhiwa moja niipange. Mteja aliposikia natamka "Tanga" alinitazama kwa macho mengine, akaniuliza kama kwetu kweli wanajua. Mwenye nyumba wangu wa kwanza alitaka kodi ya miezi mitatu mbele baada ya kusikia natoka wapi, ilhali jirani yangu alilipa mmoja. Iliniuma. Kwa muda nikaanza kukunja ulimi matatuni, nikisema "niko" badala ya "nipo", "ama" badala ya "au", "nikuje" badala ya "nije", nisijulikane. Kuna tofauti kubwa kati ya kusema kama watu kwa kuwapenda na kusema kama watu kwa kujificha, na mwili unaijua. Siku za kujificha nilikuwa nikifika nyumbani nimechoka taya.

Kilichoniponya ni redio ya fundi. Kila Ijumaa jioni hufungulia zilizopendwa, na Ijumaa moja ilikuwa zamu ya Simba Wanyika na Les Wanyika. Nikamwambia, hawa ni wa kwetu. Hakukubali. Hawa ni wa Nairobi, akasema, baba yake alikuwa akiwacheza mwishoni mwa wiki. Sote wawili tulikuwa sahihi. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakafika Mombasa mwaka 1971 na kujiita Simba Wanyika, kisha Nairobi ikawachukua. Mwaka 1978 wenzao kadhaa walijitenga, wengi wao Watanzania, wakaunda Les Wanyika, na mji mzima ukaimba "Sina Makosa". Kiswahili chao hakikukunjwa. Waliimba kwa lafudhi ya nyumbani, na Wakenya ambao tunasema hawajui Kiswahili wakazishika nyimbo zile neno kwa neno, wakazitumia kuposa na kuombana msamaha kwa miaka zaidi ya 40. Fundi anaziimba zote. Anatamka "dhambi" vizuri kuniliko.

Tangu siku hiyo nikaacha kujikunja. Nasema "nipee chai, mathe" kwa Mathe kwa sababu ndivyo asikiavyo upendo. Nasema "nipo" nikiulizwa niko wapi, na hakuna aliyeninyima kitu.

Basi, jioni ya ile Jumanne nilishuka hadi kwenye mabasi ya Mombasa, mwendo wa dakika tatu kutoka dukani, nikasafiri usiku kucha. Asubuhi nilivuka kivuko cha Likoni, nikapita Lunga Lunga na Horohoro, na saa tisa alasiri nilikuwa Muheza, malori ya machungwa yamejipanga kando ya njia, mengine yakielekea nilikotoka. Kaburi lilikuwa bado na unyevu. Nilisoma Fatiha, nikaingia uani walikoketi wanawake, na koo langu likiwa kavu kwa vumbi nikamwambia shangazi: "Nipee maji."

Wanawake walinyamaza. Shangazi aliniletea maji kwenye kikombe cha bibi, akanitazama nikinywa, hakusema neno mbele ya watu. Usiku, baada ya dua, aliniita. "Huko wamekufunza kusema hivyo?" Nikamwambia ndiyo. Nikamweleza pia habari ya bahasha, kwamba watu 11 walitoa fedha kwa ajili ya mke nisiyekuwa naye, na walipojua ni bibi hawakuchukua hata senti. Alisikiliza mpaka mwisho. Akataka majina yao. Nikamtajia, ya Kikamba, ya Kikuyu, ya Kiluo, naye akayarudia moja moja, akikwama kwenye yale magumu, na kesho yake kwenye hitima akaomba wote watajwe katika dua. Sheikh aliyasoma kutoka kwenye karatasi niliyomwandikia. Kisha shangazi akanituma: "Ukifika, waambie tumepokea, Mungu awalipe kheri, na wasichoke."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nautafutia ujumbe ule mavazi. Nilifika River Road saa kumi na mbili asubuhi, maduka yakipandisha vyuma, na mfuko wa machungwa begani. Mathe alikuwa ngazini akihesabu vikombe.

"Mathe, niaje," nikasema. "Nyumbani wamesema asanteni sana. Waliwaombea, kila mtu kwa jina."

Aliendelea kuhesabu mpaka kikombe cha mwisho.

"Sawa," akasema. Akamimina kimoja, akanipa. "Umekula?"